Wimbo unapokuliza: machozi yapi ni ya kawaida, na yapi ya kukuleta hospitali

Wiki kadhaa zilizopita mama mmoja aliingia katika chumba changu cha daktari hapa Manzese akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka 16. Alikaa, kisha akaweka simu mezani mbele yangu kama mtu anayepeleka kidhibiti polisi.

"Dokta, naomba unisaidie huyu mtoto. Kila jioni anajifungia ndani, anasikiliza wimbo mmoja huohuo, analia mpaka macho yanavimba. Nimemnyang'anya simu, sasa anakwenda kusikiliza kwa jirani. Shangazi yake anasema ni majini. Mimi nimechoka."

Nilimuuliza binti ni wimbo gani. Nilitegemea kusikia jina la wimbo wa mapenzi wa Bongo Fleva. Akajibu kwa sauti ya chini, "Shida, wa Mbaraka Mwinshehe."

Nilishangaa. Mbaraka, mpiga gitaa aliyetamba na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Binti huyu hata mama yake hakuwa amezaliwa, au alikuwa mchanga kabisa. Nikamuuliza wimbo huo ameujulia wapi.

"Baba alikuwa anaupiga gereji," alisema.

Baba yake alikuwa fundi magari. Alifariki miezi minne kabla ya siku hiyo. (Nimebadilisha baadhi ya mambo ili familia hii isitambulike, na mama na binti wameniruhusu kuandika.)

Nitarudi kwao mwishoni, kwa sababu kisa chao kilinifundisha jambo ambalo hata mimi nilikaribia kulikosa. Kwanza tuelewane kuhusu machozi yenyewe.

Machozi yanatoka wapi?

Macho yetu hutoa machozi ya aina tatu. Ya kwanza yapo muda wote, kidogokidogo, ili kulainisha jicho lisikauke. Ya pili hutoka jicho linapochokozwa: umekata kitunguu, umepuliza moto wa mkaa, au umepita Barabara ya Morogoro mchana wa vumbi. Ya tatu ni ya hisia, na hayo ndiyo tunayoyazungumzia leo.

Unaposikia sauti inayokugusa, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu huamka. Zinapeleka ujumbe kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi ya machozi, iliyo juu ya kila jicho upande wa nje. Tezi inamwaga machozi. Mengine hudondoka shavuni, mengine huingia kwenye vitundu vidogo vilivyo kona ya ndani ya jicho na kuteremkia puani. Ndiyo maana mtu anayelia hupenga kamasi hata kama hana mafua. Hakuna kilichoharibika hapo, mwili unafanya kazi yake.

Kwa nini wimbo unaweza kufanya hivyo wakati hakuna jambo baya lililotokea dakika hiyo? Sikiliza jinsi mtu mwenye huzuni anavyozungumza. Anaongea taratibu, sauti iko chini, maneno yanashuka mwishoni. Wimbo wa huzuni hutumia njia hiyohiyo: mwendo wa polepole, sauti ya chini, gitaa au zeze linalovuta. Ubongo wako unausikia kama mtu anayelia karibu yako, nao unaitikia.

Mbona tunazitafuta nyimbo hizo wenyewe?

Hili wagonjwa wengi huniuliza. Mtu hapendi huzuni, lakini Jumapili anatafuta redio inayopiga zilipendwa, anakaa kwenye mkeka, analia, na wimbo ukiisha anatamani urudiwe.

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu Huria cha Berlin, Liila Taruffi na Stefan Koelsch, walichapisha utafiti waliowauliza watu 772 kuhusu nyimbo za huzuni. Hisia iliyotajwa na wengi kuliko zote ilikuwa hamu ya mambo yaliyopita: siku zilizopita, watu waliokwenda, nyumba tuliyokulia. Sisi Waswahili tulilijua hilo zamani. Neno letu la nyimbo za zamani ni zilipendwa. Hatukusema "za kale", tulisema zilikuwa na watu waliozipenda.

Na raha ipo kweli. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, walionyesha kwamba mtu anaposikia muziki unaomsisimua mpaka vinyweleo vinasimama, ubongo wake humwaga dopamini, kemikali ileile inayohusika na raha ya chakula kitamu. Kwa hiyo mtu anayelia kwa wimbo huku anasema "wimbo mzuri sana huu" hajachanganyikiwa. Anasikia uchungu na raha kwa pamoja.

Halafu wimbo hutukutanisha. Wenye umri wangu tunakumbuka Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki. Redio zilijaa nyimbo za maombolezo, zikiwemo za Kapteni John Komba na kundi la TOT. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nakumbuka watu wazima, wanaume wenye heshima zao, wakilia barabarani bila kujificha, na hakuna aliyewaambia wajikaze. Hapa jirani, Sinza, kuna kituo kinachoitwa kwa Remmy, kwa ajili ya Remmy Ongala aliyefariki Desemba 2010. Remmy aliimba juu ya kifo waziwazi, na watu walicheza na kulia katika ukumbi mmoja. Msiba wa mtu mmoja ukiimbwa, wengi hupata nafasi ya kulilia wa kwao.

Kulia kunatibu?

Wapo wanaoamini kwamba machozi hutoa sumu mwilini. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, William Frey, alipima machozi ya hisia na ya kitunguu, akaona ya hisia yana protini nyingi zaidi. Kuanzia hapo watu wakaeneza kwamba kulia ni kusafisha mwili. Lakini fikiria wingi wa machozi yenyewe, hayajazi hata kijiko kikubwa. Kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya figo na ini. Usiache dawa zako kwa kuamini umelia vya kutosha.

Nafuu ya kulia ni ya moyo, nayo ina masharti. Ad Vingerhoets wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, ametumia miaka mingi kuchunguza kilio cha binadamu. Katika utafiti mmoja yeye na wenzake waliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha. Waliolia walijisikia vibaya zaidi mara tu filamu ilipoisha. Baada ya dakika 20 hivi walirudi hali yao ya kawaida. Baada ya dakika 90 walikuwa na hali nzuri kuliko kabla ya filamu. Kazi nyingine za watafiti hao zinaonyesha kwamba anayelia mbele ya mtu anayemfariji hupata nafuu kuliko anayelia huku anadhihakiwa au anaona aibu, na kwamba mwenye ugonjwa wa sonona mara nyingi hapati nafuu hiyo hata akilia sana.

Kwa hiyo usimhukumu mtu wakati machozi bado yanamdondoka. Mwangalie saa moja na nusu baadaye. Amenawa uso, ametoka nje, amekula, amepiga soga? Basi wimbo umefanya kazi nzuri. Bado yupo palepale, kajikunja, hataki kuguswa, na kesho hivyohivyo, na keshokutwa? Hapo tuzungumze.

Wimbo unapogeuka mtego

Mtafiti Sandra Garrido wa Australia na mwenzake Emery Schubert wamechunguza watu wenye mwelekeo wa sonona na nyimbo wanazochagua. Wapo wanaosikiliza nyimbo za huzuni na kubaki wakilitafuna jambo lilelile, kama mtu anayechokonoa kidonda kila kinapotaka kukauka. Hao hutoka kwenye wimbo wakiwa na hali mbaya zaidi, ingawa wenyewe huamini unawasaidia.

Nitoe mfano. Kijana mmoja dereva wa bodaboda alipimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi. Alipewa dawa, akaondoka. Hakurudi kliniki kwa tarehe aliyopangiwa. Alipoletwa na kaka yake baada ya miezi kadhaa alikuwa amekonda, na vidonge vilikuwa havijafunguliwa. Kaka mtu akasema mdogo wake hushinda ndani anasikiliza "Starehe".

Wengi mnaufahamu wimbo huo wa Ferooz akimshirikisha Professor Jay. Ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, unasimulia kijana aliyeponda raha mpaka akapata maambukizi, na majuto yake. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa udaktari. Wodi tulizofundishiwa zilijaa vijana wa rika langu, mifupa mitupu, na sisi tulikuwa na kidogo sana cha kuwapa. Wimbo ule ulipopigwa kwenye daladala nililia mpaka abiria wa pembeni akanipa leso. Haukuwa wimbo wa kututisha bure. Ulisema kilichokuwa kinatokea.

Lakini mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo ulianza Oktoba 2004. Kijana wangu wa bodaboda alikuwa analilia kifo cha mwaka 2003 huku dawa iko chini ya godoro lake. Nilimwambia hivyohivyo. Leo anayekutwa na maambukizi huanzishiwa dawa bila kusubiri augue. Akizimeza kila siku, anaweza kuishi, kufanya kazi, kuoa na kulea watoto. Virusi vikifikia kiwango kisichoonekana kwenye kipimo na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa mbona wimbo hausemi hivyo?" Nikamjibu kwamba wimbo uliimbwa kabla. Sikumkataza kuusikiliza. Nilimwomba kila akiupiga ameze kidonge chake kwanza. Pia tulimtibu sonona, kwa sababu alikuwa nayo, na ndiyo iliyokuwa inamzuia kufungua kopo la dawa. Sasa anahudhuria kliniki vizuri.

Dalili za kukuleta hospitali

Ukiona mambo yafuatayo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kwako au kwa mwanao, usisubiri:

- Huzuni isiyoondoka, au kukosa hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda. Kwa mtoto na kijana huzuni inaweza kuonekana kama hasira na ugomvi wa kila mara.

- Usingizi umeharibika. Unaamka saa nane usiku na hulali tena, au unalala kutwa nzima.

- Hamu ya kula imepotea au imezidi, na uzito umebadilika.

- Mwili umechoka bila kazi, akili haitulii, masomo au biashara vimeshuka.

- Unajiona huna thamani, au unajilaumu kwa kila kitu.

- Unafikiria kufa, au unatamani ungemfuata marehemu. Hili halisubiri wiki mbili. Njoo leo.

Wapo pia watu wa kuangaliwa kwa namna ya pekee. Mama aliyejifungua anaweza kulia kwa wimbo wowote, hata tangazo la redioni, katika siku za mwanzo. Hali hiyo huwa kali zaidi kati ya siku ya tatu na ya tano, na huisha ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, au akihisi kumdhuru mtoto au kujidhuru, ni ugonjwa unaohitaji tiba haraka. Halafu kuna mzee aliyepata kiharusi. Anaweza kulia ghafla kwaya inapoanza, kilio kikubwa asichoweza kukizuia, hata kama hana huzuni inayolingana nacho. Mara nyingi ni madhara ya kiharusi kwenye ubongo. Msimcheke na msimwambie anadeka. Mwelezeni daktari, kuna dawa zinazosaidia.

Na wanaume. Mvulana wa miaka sita akilia kwa wimbo tunamwambia "jikaze, wewe mwanaume". Akifika thelathini hajui tena njia ya machozi ilipo, anaitafuta kwenye pombe. Mwanamume akilia kwa wimbo wa marehemu mama yake, mwacheni.

Mzazi, fanya hivi

Usianze kwa kunyang'anya simu. Ukifanya hivyo umeondoa wimbo na umeacha kidonda, tena umemfundisha kujificha. Kaa naye, omba kuusikia wimbo huo wote, kisha muulize swali moja: "Unakukumbusha nani?" Nyamaza, msikilize. Usikimbilie kutoa mawaidha.

Ukihofia kwamba anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kunamwonyesha kwamba yupo mtu anayeweza kulisikia. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa nyingi na sumu ya panya au ya wadudu, na mlete kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo. Mtoto mwenyewe, au mtu mzima anayemhofia mtoto, anaweza pia kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Sonona inatibika. Wengine huhitaji mazungumzo na mtaalamu tu, wengine mazungumzo pamoja na dawa. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuanza kuonekana kazi yake, kwa hiyo usiziache siku ya tano ukisema hazifai. Wala usiziache ghafla ukijisikia nafuu bila kuzungumza na daktari. Kama unaamini katika sala au dua, endelea nazo. Hazigombani na tiba ya hospitali.

Sasa turudi kwa mama na binti

Nilimhoji binti kwa utaratibu. Analala vizuri. Anakula. Shuleni anaendelea, ameshika nafasi ya saba. Ana rafiki wawili anaocheka nao. Jioni anamlilia baba yake kwa wimbo wa baba yake, kisha anaosha vyombo. Nilimweleza mama kwamba mtoto huyu anaomboleza, na anaomboleza vizuri.

Nilikuwa nimeshika kalamu nifunge faili. Kisha nikaona kwamba kitenge cha mama kimefungwa mara mbili kiunoni, kama cha mtu mnene aliyekonda ghafla.

"Na wewe mama, unalalaje?"

Akatazama simu pale mezani. Binti akajibu badala yake. "Mama halali, dokta. Tangu baba afe hajalia hata siku moja. Anakaa tu."

Mama huyu ni mama lishe, anapikia watu chakula kando ya barabara, karibu na Tip Top. Ana watoto watatu na kodi ya chumba. "Nikianza kulia, dokta," aliniambia, "nani atabandika sufuria?" Alikuwa anaamka saa nane usiku kila siku. Chakula anachowapikia wengine yeye hakimpiti. Wateja walikuwa wameanza kupungua kwa sababu chumvi anaisahau. Nilipomuuliza kama anatamani kufa, alichukua muda mrefu kabla ya kusema, "Si kujiua. Kutokuamka tu."

Aliyehitaji tiba siku ile alikuwa yeye. Wimbo ule ulikuwa unamchoma kila jioni kupitia ukuta wa chumba, na kwa kumnyang'anya mtoto simu alikuwa anajaribu kuuzima asiusikie yeye mwenyewe.

Siku hiyo hakuondoka peke yake. Dada yake alikuja kumchukua na kukaa naye, na mama akaanza tiba. Tunaonana kila baada ya wiki mbili. Anakula sasa, na usingizi umeanza kurudi. Simu alimrudishia binti.

Mara ya mwisho alipokuja nilimuuliza kama jioni mtoto bado anasikiliza wimbo ule. Akasema ndiyo, ila siku hizi mlango hafungi, na yeye huingia akakaa kitandani hadi wimbo uishe.

Kama nyumbani kwako yupo anayelia kila wimbo fulani ukipigwa, mwangalie vizuri. Kisha mwangalie na yule aliye chumba cha pili, ambaye halii kabisa.